Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi kwa Sababu ya Ugonjwa

Barua ya kuacha kazi kwa sababu ya ugonjwa huwa fupi. Tarehe, kichwa cha habari kwa herufi kubwa, aya moja ya kuushukuru uongozi kwa ushirikiano, sahihi. Anayeiandika mara nyingi ni mtu mwadilifu asiyetaka kuonekana mzigo. Mgongo umegoma, au kisukari kimegusa macho, au kiharusi kimeuacha mkono wa kushoto mzito, na kila asubuhi anawaona wenzake wakimbebea kazi zake kimyakimya. Anaona heri aondoke na heshima yake. Anaagwa kwa soda na keki, anapewa kanga au saa ya ukutani, na miezi kadhaa baadaye anakwenda kuulizia mafao ya ulemavu. Dirishani anaulizwa maswali mawili matatu, na hapo ndipo anapogundua ile aya moja ilimnyang'anya nini.

Makala hii ni ya mtu huyo kabla hajashika kalamu. Nazungumzia mfanyakazi mwenye ajira rasmi Tanzania Bara. Aliye Zanzibar ana sheria yake ya ajira na mfuko wake, ZSSF, kwa hiyo tarakimu nitakazozitaja asizichukue kama zake. Mtumishi wa umma naye ana Kanuni za Kudumu na mfuko wa PSSSF, na afisa utumishi wake ndiye wa kumbana kwa maswali.

Sitakwambia uache kazi, wala sitakwambia uvumilie. Ninachosema ni kwamba "niendelee au nipumzike?" ni swali la pili. La kwanza ni hili: nikiwa bado mwajiriwa, nina haki zipi zitakazopotea siku nitakapotoka kwa hiari yangu mwenyewe?

Ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. Anza na likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari aliyesajiliwa. Wengi wanaoacha kazi kwa maradhi hawajazigusa siku hizo ipasavyo. Wamezoea ED, yaani ruhusa ya daktari ya siku chache. Leo ED ya siku mbili, wiki ijayo ya siku tatu, wanarudi wakichechemea, wanameza diklofenaki, wanaendelea. Mwisho wa mwaka bosi anawaona watoro na wao wenyewe hawajapona.

ED za kuungaunga hazikupi jibu lolote. Likizo moja ndefu, yenye matibabu ya kweli ndani yake, inakuonyesha kitu muhimu: mwili huu ukipumzishwa na kutibiwa sawasawa, unarudi au haurudi? Mtu wa kiharusi anayefanya mazoezi ya viungo kwa miezi miwili mitatu anaweza kuwa mtu tofauti na yule aliyetaka kuandika barua wiki ya tatu. Uamuzi wa maisha usiufanye ukiwa katikati ya maumivu makali, wala katika wiki ya kwanza ya dawa mpya. Na sonona, ambayo huwapata wagonjwa wengi wa maradhi ya muda mrefu, ina tabia ya kumshawishi mtu kwamba hafai tena kwa lolote. Daktari aitibu hiyo kwanza, kisha ndipo ujiulize kama kweli kazi imekushinda.

Tuseme umepumzika na umetibiwa, na hali haijarudi kama zamani. Sasa ichambue kazi yako, kipande kwa kipande. Watu husema "kazi imenishinda" kana kwamba kazi ni kitu kimoja. Chukua mtunza stoo. Kazi yake ni kupokea mzigo langoni, kupanga maboksi kwenye shelfu, kupanda ngazi kuhesabu vya juu, kujaza leja au kompyuta, na kusaini hati za kutoa mali. Mgongo umemnyima viwili kati ya hivyo vitano. Vitatu bado anavifanya, na pengine anavifanya vizuri kuliko kijana yeyote atakayeletwa. Au chukua mhasibu ambaye figo zimefeli. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne, ukiacha foleni na safari. Akili yake ya hesabu iko palepale. Kilichomshinda ni ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na ratiba ni jambo la kuzungumza.

Hapo sheria iko upande wako kuliko unavyofikiri. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 nazo zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwondoa mfanyakazi kwa ugonjwa au jeraha, aangalie chanzo chake, ukubwa wake, kama ni la muda au la kudumu, na kama upo uwezekano wa kumrekebishia kazi au kumpa nyingine. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kampuni nyingi hazijafika huko. Wewe uliyepata ulemavu ukiwa tayari unaijua kazi ni njia rahisi ya kuisogelea asilimia hiyo, na hiyo ni hoja nzuri ya kuweka mezani, kwa upole.

Lakini tusidanganyane. Karakana yenye mafundi watatu haina dawati la kumhamishia fundi aliyepoteza nguvu za mkono. Kanuni hazimwamuru mwajiri aunde kazi isiyokuwapo. Ukiona ofisi yenu iko hivyo, usipoteze mwaka mzima kupigania kiti ambacho hakipo.

Kama kipo, omba kwa maandishi. Mazungumzo ya koridoni na meneja, hata akiwa mwema kiasi gani, hayana ushahidi, na mameneja huhamishwa. Andika barua fupi isemayo unaweza nini, huwezi nini, na unaomba nini hasa: "Naomba kuhamishiwa dawati la hati kwa majaribio ya miezi mitatu, na kazi ya kupanga mzigo apangiwe mwingine." Majaribio ya miezi mitatu ni maneno yenye nguvu, kwa sababu mwajiri haogopi kitu chenye mwisho. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ukaihifadhi nyumbani. Nyumbani, nasema. Droo ya ofisini haitakuwa yako siku mambo yakiharibika.

Barua hiyo iambatane na ya daktari, na hapa wengi huangushwa bila kujua. Daktari ana wagonjwa hamsini nje ya mlango, anaandika jina la ugonjwa na kugonga muhuri: "Mgonjwa ana tatizo la diski za uti wa mgongo, apewe kazi nyepesi." Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Kazi nyepesi ni ipi? Meneja ataona kukaa kwenye kiti saa nane ni kazi nyepesi, kumbe kwa mgonjwa wa mgongo hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Linganisha na hii: "Asinyanyue zaidi ya kilo tano, asisimame mfululizo zaidi ya nusu saa, asikae zaidi ya saa moja bila kunyoosha mwili, na hali hii inatarajiwa kudumu zaidi ya miezi sita." Ugonjwa ni ule ule, ila sasa mwajiri anajua cha kupanga, na jopo la madaktari wanaopima madai ya mafao, ukifika huko, lina kitu cha kupima.

Daktari hawezi kuandika asichokijua, kwa hiyo mpelekee. Nunua daftari dogo la kurasa 40 na kila jioni andika mistari miwili. "Jumatatu: nimesimama dirishani tangu saa mbili, saa nne mguu wa kulia ukafa ganzi, nikakaa robo saa. Jumanne: nimeshindwa kupanda daladala, nimekodi bajaji. Jumatano: siku nzuri, nimemaliza kazi zote." Siku nzuri ziandike pia. Daftari lisilo na siku nzuri hata moja halimshawishi mtu, na wewe mwenyewe utalihitaji lenye ukweli utakapokaa kuamua. Baada ya miezi miwili utaona kama siku nzuri zinaongezeka au zinapungua, jambo ambalo kumbukumbu peke yake haiwezi kukuonyesha, kwa maana mgonjwa huikumbuka sana siku ya jana.

Sasa mafao yenyewe. Watu huyachanganya yote kuwa kapu moja, wakati mifuko ni tofauti na kinachoamua uende wapi ni chanzo cha ulemavu wako.

Kama umeumia kazini, au ugonjwa umeletwa na kazi, unakokwenda ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Michango yake inalipwa na mwajiri peke yake, ndiyo maana hutaiona kwenye hati yako ya mshahara, na ndiyo maana pia wengi hawajui kuwa wamo. Mfuko hugharamia matibabu, na kwa ulemavu wa muda hulipa asilimia 70 ya mapato yako, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu ukithibitika kuwa wa kudumu, unapimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Ipo pia huduma ya utengamao, yaani kumwandaa mtu arudi kazini au ajifunze kazi nyingine.

Uzuri wa WCF, ukilinganisha na mifuko ya pensheni, ni kwamba inatambua ulemavu wa sehemu. Aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine ya kiwandani anaweza kulipwa fidia na bado akarudi kufanya kazi. Ubaya ni kwamba kila kitu kinaanza na taarifa. Ajali isiyoandikwa kwenye kitabu cha ajali cha kiwanda, ambayo msimamizi alisema "nenda dispensari, tutamalizana wenyewe", ni ngumu sana kuithibitisha baadaye. Umeumia leo, taarifa itolewe leo. Na usidhani ugonjwa wa kazi lazima uwe jeraha. Vumbi la machimboni linaloharibu mapafu, kelele ya kiwandani inayoua masikio, kemikali zinazochubua ngozi, vyote vinahusika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Kipimo cha kuanza na cha sasa vikiwekwa pamoja, vinasema mengi kuliko maelezo yako.

Kama ugonjwa haukuletwa na kazi, unakwenda mfuko wako wa pensheni. Kwa mwanachama wa NSSF, pensheni ya ulemavu ina masharti ambayo ningependa uyasome mara mbili. Uwe umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, na hilo lithibitishwe na bodi ya madaktari. Uwe hujafikia umri wa pensheni. Na uwe umechangia miezi 180, au isiyopungua 36 ambayo 12 kati yake ni ya kipindi cha karibu kabla ya kupata ulemavu.

Theluthi mbili ni nyingi. Yule mtunza stoo wetu hafiki. Mhasibu wa figo pengine hafiki, maadamu dawati linamsubiri. Aliyepoteza nusu ya uwezo wake, akatoka kazini akitumaini pensheni ya ulemavu, anajikuta kwenye pengo baya: mgonjwa mno kwa kazi yake ya zamani, mzima mno kwa pensheni. Kwa maoni yangu hilo ndilo tatizo kubwa la mfumo wetu wa hifadhi ya jamii kwa wagonjwa, na halitaondoka mwezi huu. Ndiyo maana nimetumia nafasi kubwa kwenye barua ya kuomba kazi nyingine kuliko kwenye fomu za mafao. Kwa wengi walio katika pengo hilo, msaada wa kweli uko kwa mwajiri.

Tazama pia ile miezi 12. Mtu ana michango ya miaka minane, anaacha kazi mwenyewe, anakaa nyumbani mwaka na nusu akijiuguza bila kuchangia, hali inazidi, ndipo anakwenda NSSF akiwa kweli amefika theluthi mbili. Tayari amejitengenezea mjadala ambao asingeupata kama angeomba akiwa bado kazini. Kwa hiyo kabla ya lolote, chukua taarifa ya michango yako. Itazame mwezi kwa mwezi, usitosheke na jumla ya chini. Mwajiri aliyekata fedha kwenye mshahara bila kuzipeleka ni rahisi kumbana ukiwa ndani kuliko ukiwa nje.

Kuna haki nyingine anayeacha mwenyewe huikosa. Fao la upotevu wa ajira, ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ni la aliyepoteza ajira. Aliyeacha kwa hiari halimhusu. Hii ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu na karatasi ile ya "makubaliano ya kusitisha ajira" ambayo baadhi ya waajiri huileta kwa tabasamu, pamoja na fedha kidogo na kalamu iliyofunguliwa tayari. Usiisaini siku hiyo. Omba ukalale nayo, umwonyeshe kiongozi wa chama cha wafanyakazi, awe wa TUICO, TUGHE, CWT au chochote ulichomo. Kama karatasi ni ya haki leo, itakuwa ya haki hata Jumatatu.

Tukiacha sheria, kaa na mwenzi wako, au mtoto mkubwa mwenye busara, mpige hesabu. Kosa la kawaida ni kulinganisha mshahara mzima na pensheni. Linganisha kinachobaki. Tuseme unapokea 480,000 mkononi, lakini kwa kuwa huwezi tena kugombania daladala, unakodi bajaji 8,000 kwenda na kurudi, siku 22 za mwezi. Hiyo ni 176,000. Umebaki na 304,000, na hujahesabu dada uliyemwajiri kwa sababu jioni huna nguvu ya kupika. Kwa mwingine hesabu hugeuka upande wa pili: kadi ya bima ya afya inakuja na ajira, na dawa anazopata kwa kadi hiyo zingemla pensheni yote. Mgonjwa wa kusafishwa damu asiguse barua ya kuacha kazi kabla hajajua bima yake itaishia tarehe gani na nani atalipa baada ya hapo. Kwake hilo linatangulia mambo mengine yote niliyoandika.

Uliza na mkopo. Mikopo mingi ya wafanyakazi kwenye mabenki hukatiwa bima inayohusu kifo na ulemavu wa kudumu, na mkopaji mwenyewe ameshasahau kuwa aliilipia. Nenda ukaulize masharti kabla ya kutoka, maana anayeacha kwa hiari na anayeondoka kwa ulemavu uliothibitishwa na madaktari hawatazamwi sawa. Mkopo mpya usichukue wakati huu, hata kama ofisa mikopo ni rafiki.

Kuhusu familia nitasema kidogo. "Mama pumzika, tutakutunza" husemwa kwa moyo mweupe, na mtoto anayesema hana nia mbaya. Ila naye ana kodi ya nyumba, na mwaka kesho atakuwa na ada. Mwombe aseme ni shilingi ngapi kwa mwezi, na aanze kutuma sasa hivi ukiwa bado kazini. Miezi mitatu ya kutuma itakuonyesha kama ahadi hiyo inabebeka.

Na vishoka. Nje ya ofisi nyingi za mafao yupo kijana mwenye bahasha ya kaki anayejua "mtu wa ndani" wa kukupandishia asilimia. Fomu za mifuko hii hazilipiwi. Atakachokupa ni ripoti ya daktari ya kughushi, ambayo bodi ikiigundua, hata dai lako la kweli linakufa pamoja nayo. Bodi inaweza pia kukuita tena kukupima baada ya kukubaliwa. Ukiona umepimwa chini ya hali yako halisi, WCF ina utaratibu wa kupinga tathmini kwa maandishi. Utumie huo, na lile daftari lako ulibebe.

Ukishapita yote hayo na bado jibu ni kupumzika, basi pumzika bila kuona haya. Wapo watu ambao kila mwezi wa ziada kazini unawagharimu mwaka wa afya, na hakuna mshahara unaolipia hilo. Ila utoke kwa mpangilio. Dai la mafao lianze kufunguliwa ukiwa bado kwenye orodha ya mishahara. Kuondoka kwako kuandikwe kuwa ni kwa sababu za kiafya, kwa ushahidi wa bodi, na neno "kwa hiari" lisionekane popote kama si kweli. Dai kipimo cha afya cha kuondokea na cheti cha utumishi. Toa nakala za hati za mishahara za miaka ya mwisho, za barua zote zenye muhuri na za taarifa ya michango, uweke seti moja kwa ndugu unayemwamini. Na kama badala ya yote hayo umeletewa barua ya kuachishwa ukiwa bado kitandani, hesabu siku: malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Huhitaji wakili ili kuyafungua, na kama miguu haikubebi, afisa wa chama chako cha wafanyakazi anaweza kukuwakilisha.